Haki ya Kuficha

Anayesafiri kwa barabara kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa kama 50, na kando ya lami hukutana na ubao ulioorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja wao. Tembo ana bei yake, twiga ana yake, na wadogo nao hawakusahauliwa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na tangu hapo likitajwa jina la Mikumi, iwe Dar es Salaam au Ulaya, kinachokuja kichwani ni mnyama. Ukifika Mikumi mjini ukakata kushoto kufuata njia ya Ifakara, unaanza kuiona upande wa kulia milima inayoshuka hadi Kidodi na bonde la Ruaha Mkuu. Hiyo ni milima ya Wavidunda. Ubao wa kumweleza mpita njia ni nani waliishi huko, nani walikufa na walikufaje, haupo.

Mimi si Mvidunda. Nayaandika haya kwa sababu nimekuwa nikifuatilia, mwaka hadi mwaka, namna mambo ya watu wa Tanzania yanavyowekwa mezani na ukutani ili yatazamwe: sanamu, ngoma, picha, mafuvu, hadithi. Maonesho ya sanaa yanayozungumzia utambulisho, kumbukumbu na haki yamekuwa mengi, na nayafurahia. Lakini kila ninaposoma au kusikia kwamba onesho fulani "limeipa jamii sauti", nawakumbuka watu wa milima ile, na swali linanirudia: waliulizwa kama wanataka kusikika, na wakisikika, na nani?

Nianze na waliokufa. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, na kabla mwaka haujaisha moto wake ulikuwa umeshapanda hadi kwenye milima hii. Wajerumani walipoona bunduki peke yake haimalizi kazi, waligeukia chakula. Mashamba yalichomwa, maghala yakamwagwa au kuporwa, mbegu ikakosekana, na njaa ikaua waliokuwa wamenusurika risasi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa vita na njaa yake viliondoa roho za watu kati ya 250,000 na 300,000. John Iliffe, katika kitabu chake cha historia ya Tanganyika cha mwaka 1979, anawataja Wavidunda miongoni mwa watu walioumia kupita wengine: zaidi ya nusu yao wanadhaniwa kupotea katika vita na yaliyofuata.

Zaidi ya nusu. Makadirio kama hayo husomwa upesi, na ni vizuri kuyasimamisha kidogo. Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kama walivyo jirani zao Wasagara, Wakaguru, Waluguru na Wakutu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na anayemrithi mtu ni mtoto wa dada yake. Katika mpango huo, baba akifa wanabaki watu wa kuliendeleza jina. Lakini mama akifa pamoja na binti zake wote, ukoo umekatika hapo hapo, hata kama wanaume kumi wa ukoo huo wako hai na wana nguvu. Njaa ya mwaka 1906 haikuwa inahesabu vichwa tu. Ilikuwa inafunga milango ya nasaba, mmoja baada ya mwingine, na naamini kuna koo ambazo majina yake hayatajwi leo Uvidunda kwa sababu binti wa mwisho alikufa kwa njaa.

Songea kuna makumbusho ya Maji Maji, kuna makaburi, na kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Hapo ndipo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipokwenda tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha. Ilikuwa siku nzito na ilistahili kuwepo. Wangoni wa huko walipoteza machifu, na kifo cha chifu kina tarehe, kina jina, kina mti wa kunyongea. Njaa haina vitu hivyo. Haiwezekani kumwekea sanamu mtu aliyekufa njiani akitafuta mizizi ya kula wakati hakuna aliyebaki wa kusema alikufa siku gani. Ndiyo maana nadhani kumbukumbu ya taifa imewatunza vizuri zaidi waliouawa kwa kamba kuliko waliouawa kwa njaa, na waliouawa kwa njaa walikuwa wengi zaidi.

Sasa, mtu anaweza kusema: basi twende Uvidunda tukatengeneze maonesho, tuwape nafasi. Hapo ndipo ninaposita, na kusita kwangu kunatokana na udongo.

Watu wa mashariki ya Tanzania wanaofuata ukoo wa mama walikuwa na sanaa kubwa ambayo wageni walichelewa kuiona, kwa sababu haikufanywa ili ionwe na kila mtu. Katika unyago, kungwi alifinyanga vinyago vidogo vya udongo, akamwonesha mwali kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na wimbo wake na fumbo lake. Kinyago kingeweza kuwa nyoka, mlima, mwanamke mjamzito au nyumba, lakini somo lake lilikaa katika wimbo, na wimbo aliujua aliyefundishwa. Somo likiisha, kinyago kilivunjwa au kutupwa. Udongo wenyewe mara nyingi haukuchomwa, haukukusudiwa kudumu.

Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alivikusanya vinyago vya aina hiyo kutoka kwa Wazigua, Wasambaa, Wanguu na wengineo, na mwaka 1956 akachapisha kitabu juu yake, pamoja na maana na nyimbo zake. Mkusanyo huo uko kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Siwezi kusema alifanya vibaya tu. Bila yeye tusingejua mengi. Lakini kila ninapokifungua kitabu hicho najikuta nimeketi mahali ambapo sikualikwa. Mimi ni mwanamume. Kungwi wa Kizigua wa miaka ya 1940 asingenionesha kinyago kile hata ningelipa ng'ombe. Nimekiona kwa sababu kimepita mikononi mwa serikali, kikaingia kitabuni, kikasimama nyuma ya kioo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwana hiti, kile kichongo cha mti chenye kichwa na nywele zilizosukwa na kiwiliwili kisicho na mikono, ambacho mwali wa Kizaramo, Kikwere au Kiluguru alikibeba na kukitunza kama mtoto alipokuwa ndani. Kilirithiwa upande wa mama. Kilikuwa dua ya uzazi, na kwa watu ambao binti mmoja anaweza kuwa uzi wa mwisho wa ukoo, dua hiyo haikuwa pambo. Leo mwana hiti wapo kwenye makumbusho na nyumba za matajiri huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1994 onesho kubwa la sanamu za Tanzania lilifunguliwa Berlin na baadaye München, na kitabu chake kiliandikwa kwa Kijerumani na Kiswahili, heshima ambayo wakati ule ilikuwa adimu mno. Mwaka 2013 New York ikapata onesho lake, lililopewa jina la Kiswahili, Shangaa. Nimeyasoma yaliyoandikwa juu ya maonesho hayo. Yalisaidia kuvunja uongo uliorudiwa kwa miaka mingi kwamba Afrika Mashariki haina wachongaji, kwamba sanamu ni mambo ya Kongo na Afrika Magharibi. Wachongaji wetu walipewa walichostahili.

Lakini mchongaji na mwenye kitu si mtu mmoja. Mwenye mwana hiti alikuwa ukoo wa mama. Kilipouzwa, nani aliuza? Mjomba aliyekuwa na shida ya fedha? Kijana aliyekwenda na mfanyabiashara wa vinyago usiku? Bibi aliyeambiwa na padri kuwa ni kitu cha shetani? Yote hayo yametokea mahali pengi katika ukanda huu, na kwenye kibao cha maelezo huandikwa tu: mti, karne ya 20. Mimi naona kwamba haki ya kijamii ambayo maonesho mengi hudai kuitafuta ingeanza kwenye kibao hicho. Pale palipoandikwa mti na karne, paandikwe pia kilitokaje.

Haki tunayoizungumza tunapoandaa maonesho huwa ni haki ya kuonekana, na kwa watu waliofutwa haki hiyo ni ya kweli. Haki ya kuficha tunaizungumza kwa nadra. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ina ruhusa ya kunyamaza. Ikiwa wanawake wa Uvidunda wataamua kwamba mafunzo ya mwali yasitoke kwenye chumba alimofundishwa, basi onesho lililofanyika vizuri litakuwa na meza iliyoachwa tupu, na mtazamaji ataelezwa kwamba kilichopaswa kukaa hapo kipo, kina wenyewe, na hakitaletwa. Nadhani meza kama hiyo ingewafundisha watu wa mjini zaidi kuliko vinyago mia moja.

Najua hoja itakayoletwa. Watasema vikifichwa vitakufa, kwa kuwa mabinti wanakwenda shule, unyago umefupishwa, na wanaozijua nyimbo wanazeeka. Ni hoja nzito na siwezi kuipuuza. Mwanaisimu Karsten Legère, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Gothenburg na aliyeifanyia kazi lugha ya Kividunda kwa miaka, amejiuliza hadharani kama lugha hiyo iko hatarini mbele ya Kiswahili, hiki hiki ninachoandikia. Jambo lililonivutia katika kazi yake ni majina ya mimea. Aliyakusanya kutoka kwa wazee wa Kividunda, akachunguza yameundwaje. Huo nao ni mkusanyo, kama wa Cory, lakini namna yake ni nyingine. Mzee anapotaja jina la mti, mti haung'oki. Jina likiandikwa, yeye bado analo. Na kwa watu waliopitia njaa ile, kujua majani gani yanaliwa, mzizi gani unalowekwa kwanza ili usiue, gome gani linatuliza tumbo la mtoto, ni kumbukumbu ya mwaka 1906 iliyobaki katika hali ya maarifa. Ningepewa nafasi ya kupendekeza chumba kimoja tu cha maonesho ya Wavidunda, kingekuwa cha mimea: majani yaliyokaushwa, jina kwa Kividunda, na sauti ya aliyelitaja. Ubavuni pangeachwa nafasi kwa mimea ambayo jina lake linajulikana na ambayo, kwa makusudi, matumizi yake hayakuandikwa.

Mifano ya nyumbani ipo, na si mibaya. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960 ili kuhifadhi nyumba za asili za makabila mbalimbali, tangu miaka ya 1990 kimekuwa na siku za utamaduni ambapo jamii moja huja na ngoma zake, vyakula vyake na wazee wake. Uzuri wa siku hizo ni kwamba wenye mambo wapo. Ukibishana na mzee kuhusu maana ya ngoma, anakujibu. Upungufu wake, kwangu, ni kwamba siku ya furaha haipendi maiti. Kabila huja na kucheza, na njaa yake inabaki nyumbani.

Old Moshi walijaribu njia nyingine. Mangi Meli, chifu wa huko, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na kwa miongo mingi ukoo wake umekuwa ukitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Onesho juu yake lilianza Berlin mwaka 2018, likaja Tanzania mwaka uliofuata na kufika Old Moshi, karibu na mti aliponyongewa. Waliolitazama huko hawakuwa wageni wanaojifunza, walikuwa wajukuu. Na mwaka 2023, uchunguzi wa vinasaba ulipoyalinganisha baadhi ya mafuvu yaliyoko Berlin na watu walio hai Tanzania, watu wa ukoo walipatikana, wakiwamo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Hapo maonesho yaliacha kuwa sanaa peke yake. Yalikuwa yamesaidia kuweka shinikizo hadi mlango ukafunguka.

Naipenda pia kazi ya msanii Rehema Chachage, ambaye pamoja na mama yake, mwandishi na mchapishaji Demere Kitunga, amekuwa akikusanya hadithi na mila za wanawake wa upande wa mama katika ukoo wao wenyewe. Wao si Wavidunda. Ninachokiona hapo ni utaratibu: binti anauliza, mama anajibu, na kinachotoka hadharani kimepita kwanza kwenye chujio la watu wawili wanaopendana. Hakuna afisa wa utamaduni katikati, wala mfadhili anayesubiri ripoti ifikapo Juni.

Uvidunda yenyewe haijakaa kimya ikingoja kuoneshwa, na si pahali pa kabila moja lililofungiwa mlimani. Shuka Kidodi, nenda Ruaha na Kidatu. Tangu miaka ya 1960 miwa imevuta watu kwenye bonde hilo. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kimeleta wakata miwa kutoka pande nyingi za nchi, wakaoa, wakajenga, wakazika. Reli kutoka Kilosa ilifika Kidatu miaka hiyo hiyo ya 1960, kisha ikaja ya TAZARA. Mwaka 1975 mtambo wa Kidatu ulianza kuzalisha umeme kwa maji ya Ruaha Mkuu, na ulipokamilika ulifikia megawati 204, kwa muda mrefu moyo wa gridi ya nchi nzima. Taa nyingi za Dar es Salaam ziliwaka kwa maji yanayopita miguuni mwa milima ya Wavidunda. Mtoto aliyezaliwa Ruaha leo anaweza kuwa na bibi Mvidunda, babu Mhehe, baba Mpogoro, na Kiswahili ndiyo lugha ya ndoto zake. Onesho litakalomtaka achague moja litakuwa limemdanganya.

Na kuna kumbukumbu nyingine Kilosa, wilaya ya milima hii, ambazo hakuna anayezikimbilia. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2009 operesheni ya serikali iliwaondoa wafugaji na ng'ombe wao katika sehemu nyingi za wilaya, na watu walipoteza mali walizozipata kwa jasho la maisha yao. Anayetaka kufanya maonesho ya haki Kilosa atalazimika kuwaweka wote wawili, mama aliyezika watoto wake Rudewa na mfugaji aliyeondolewa na mifugo yake, na hatakiwi kuwapatanisha kwa picha. Ardhi waliyoigombania ilikuwa imeshapunguzwa na mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi ya Mjerumani na Mwingereza, na baadaye na hifadhi. Ramani moja kubwa ukutani, ikionesha ni nani alichukua kipande gani mwaka gani, ingesema mengi ambayo hotuba za amani hazisemi. Ramani hiyo ningeitundika Kilosa mjini, karibu na stesheni ya reli, mahali ambapo mkulima na mfugaji wote hupita.

Novemba 2024, jumba la Humboldt Forum la Berlin lilifungua onesho juu ya historia ya Tanzania, lililoandaliwa pamoja na Makumbusho yetu ya Taifa. Maelfu ya vitu kutoka nchi hii yangali kwenye stoo za jiji hilo, na mazungumzo ya kuvirudisha yanaendelea. Siku zitafika, naamini, ambapo masanduku yatashushwa bandarini Dar es Salaam, na wataalamu watakaa kuamua kila kitu kinakwenda wapi. Ninachoomba, na ninaomba kwa dhati, ni kwamba vile vya ukanda wa ukoo wa mama visipelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha maonesho. Viwekwe kwanza kwenye chumba kilichofungwa, makungwi waitwe kutoka Uvidunda, Usagara, Ukaguru na Uluguru, waingie peke yao, na watoke na orodha mbili: vinavyoweza kutazamwa na watu wote, na vinavyorudi walikotoka au kuvunjwa kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Wataalamu watalia kwa vile vitakavyovunjwa. Nami nitalia. Orodha ya wanawake hao ifuatwe hivyo hivyo.

Na kwa kuwa mambo haya hukwama kwenye fedha, nauli yao ya kushuka mlimani, kufika Dar es Salaam na kurudi, malazi yao, na posho ya siku watakazokaa bila kulima, viwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya taa, kabla ya vioo, kabla ya kadi za mwaliko.